HESABU YA KAMBA NA YA SAA



Baba mmoja ametuletea barua yenye uchungu, nasi twaona vema tuijibu hapa mbele ya wote, kwa maana neno analouliza lawahusu wazazi wengi wakaao chini ya milima ya moto huku kwetu Kivu. Mwanawe yu katika darasa la sita. Siku moja alirudi nyumbani na kamba ya meta 10, akaanza kuipima njia tangu mlangoni hata njia panda. Kisha akamwomba bibi yake atembee, huku yeye akiitazama saa. Bibi akachukia, akasema kwamba hajapata kupimwa kama shamba. Baba naye akachukia. "Mtoto nimempeleka masomoni," aandika, "ajue kujumlisha na kutoa, asipunjwe sokoni. Sasa mwalimu anamwambia ahesabu ni dakika ngapi mpaka mlima utufikie. Usiku mtoto hulala na viatu. Je, hiyo nayo ni hesabu?"

Tumeisoma barua hiyo zaidi ya mara moja. Hatutamcheka baba huyu, wala hatutamwambia kwamba mtoto kulala na viatu ni jambo dogo. Lakini twamwomba akumbuke pamoja nasi jioni moja.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste. Giza lilipoingia, mbingu juu ya Goma ikawa nyekundu. Mlima Nyiragongo, wenye urefu wa meta 3,470, ulikuwa umepasuka ubavuni, na lava, ndiyo mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ilikuwa ikishuka kuuelekea mji. Ilishuka kwa muda wa saa sita hivi, ikaikata barabara iendayo Rutshuru, ikateketeza nyumba nyingi, ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Lakini itazameni hesabu ya kwanza iliyotangazwa na serikali. Watu 15 walikuwa wamekufa: 9 katika ajali ya gari wakikimbia, 4 walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gerezani, na 2 tu ndio walioungua. UNICEF nayo ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na jamaa zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kuwa wamepotea.

Moto ulichukua nyumba. Bali watoto wale, twaona sisi, walipotezwa na giza, na msongamano wa watu, na kwa kuwa katika nyumba nyingi hakuna aliyekuwa amesema mbele: tukiachana njiani, tutakutana mahali fulani.

Basi, mwalimu yule alitaka nini na kamba yake? Fundi wa nguo, kabla ya kutia mkasi katika kitambaa cha watu, hukata kwanza karatasi. Akikosea, ameharibu karatasi tu. Kazi ya namna hiyo, ikifanywa kwa tarakimu, wataalamu huiita mfano wa hesabu: jambo kubwa na la hatari lafanywa dogo, laandikwa ubaoni kwa namba tatu au nne, watu walitazama, walibadilisha, waona litakavyokuwa, na hakuna aliyeumia. Wale wachunguzao milima hufanya hivyo kwa vyombo vikubwa na hesabu ngumu. Lakini mzizi wa hesabu zile ni ule ule ambao mtoto wa darasa la sita ameukwisha kuupata: njia, mwendo, na muda.

Mwalimu mwenye akili haanzi na ubao. Huanza na mchanga. Watoto wajenge mlima wa mchanga uani, wachimbe vibonde na kuinua vilima, waweke vijiwe kuwa nyumba. Kisha mmoja amimine uji juu yake. Kwanza uji mzito: wajivuta polepole, wasimama karibu. Kisha uji mwepesi: wapata bonde, walifuata, wafika mbali kabla mtoto hajahesabu kumi. Lava ya Nyiragongo ni ya namna ya uji mwepesi. Katika milima ya moto ya dunia ni michache yenye lava nyepesi kama hiyo. Mtoto akiisha kuona kwa macho yake kwamba vijiwe vya bondeni vimefunikwa na vile vya mwinuko vimebaki vikavu, amekwisha kujifunza jambo ambalo lingehitaji maneno mengi. (Akina mama watatusamehe uji uliopotea. Matope mepesi yafaa vile vile.)

Halafu ndipo kamba. Tuchukue nyumba moja, ya mfano tu, upande wa kaskazini wa mji. Yumo mama, yumo bibi, wamo watoto sita: wa miaka 13, 11, 7, 5, 3, na mchanga wa mgongoni. Baba yuko safarini kwa kazi, maana mlima hauulizi kama baba yupo. Kutoka mlangoni hadi njia panda ni meta 2,000. Wakiisha kuipita njia panda, wamekuwa salama. Lakini lava nayo yaielekea njia panda ile ile, nayo ingali mbali nayo kilometa 4.

Watoto wanyoshe kamba yao mara kumi, wapate meta 100. Mwanafunzi mwenye nguvu aziende kwa haraka: sekunde 75. Aende tena akimshika mkono mdogo wa miaka mitatu: dakika 2. Bibi na fimbo yake: dakika 4. Sasa zidisheni mara 20. Mwanafunzi peke yake atafika njia panda kwa dakika 25, mwenye kumwongoza mdogo kwa 40, na bibi kwa 80.

Hapo mwalimu aulize: jamaa hii itafika kwa dakika ngapi? Watoto wengi hujumlisha zote tatu na kugawanya, kwa kuwa wamefundishwa kutafuta wastani. Waacheni wakosee kidogo. Kisha waulizwe: je, mtamwacha bibi? Hapana. Basi jamaa yote yaenda kwa mwendo wa bibi, na jibu ni 80. Hesabu ya sokoni yapenda wastani. Hesabu ya kukimbia yamtazama aliye wa mwisho. Hilo si dogo, nasi twajua watu wazima wasiolifahamu, wanaosema, "Kutoka hapa hata Gisenyi ni mwendo wa nusu saa," huku wakiifikiri miguu yao wenyewe.

Tena kuna muda usiotembewa. Mama atafuta karatasi za ubatizo na za kiwanja, wa miaka mitano yuko kwa jirani, hajulikani kwa jirani yupi, ufunguo umepotea. Andikeni dakika 20. Themanini na ishirini ni 100.

Na lava? Tuseme yaenda kilometa 3 kwa saa. Kilometa 4 itazimaliza kwa dakika 80. Jamaa yahitaji 100, mlima wawapa 80. Zimepungua 20.

Hapa darasa hunyamaza. Na hapa ndipo mahali ambapo mwalimu mbaya hupiga kengele na kuwaruhusu watoto waende nyumbani na hofu yao. Mwalimu mwema huwapa chaki. Badilisheni namba. Ipi twaweza kuibadili, na ipi hatuiwezi? Mwendo wa lava hatuuwezi. Meta za njia hatuziwezi. Lakini bibi apandishwe juu ya chukudu, gari la mti ambalo kila mtoto wa Goma alijua, nalo likisukumwa juu ya mawe yale meusi laenda meta 100 kwa dakika 2. Karatasi zote zitiwe katika mfuko mmoja, utundikwe nyuma ya mlango tangu leo. Kila mtoto aendaye kwa jirani amwambie mama ni kwa jirani yupi. Basi dakika 20 zimekuwa 5, na 80 zimekuwa 40. Jumla ni 45. Zimebaki 35 mkononi.

Hakuna aliyejifunza kukimbia kwa kasi zaidi. Dakika 55 zimepatikana kwa chukudu la kuazima na mfuko wa msumarini.

Tungeweza kuishia hapo, na wote wangefurahi. Lakini mfano wa hesabu usioulizwa maswali ni hatari kuliko kukosa mfano. Haya, lava iende kilometa 6 kwa saa. Itafika kwa dakika 40. Jamaa yetu ya dakika 45 imechelewa kwa 5. Na ikienda kama mwaka 1977?

Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa katika shimo la kileleni lilitoka lote kwa nyufa za ubavuni, kwa muda usiotimia saa moja. Mahali penye mteremko mkali mwendo wake ulifika kilometa 60 kwa saa, labda na zaidi. Watu wasiopungua 70 walikufa, na wako wanaosema walikuwa mamia. Watoto wafanye hesabu: kilometa 4, kwa kilometa 60 kwa saa, ni dakika 4. Mbele ya namba hiyo hata chukudu halifai kitu. Mwalimu asiifiche. Aseme wazi: mwendo ule ulikuwa kule juu, penye mteremko, lava ikishuka penye ardhi tambarare hupunguza mwendo, nayo mwaka 2002 ndani ya mji watu wengi waliweza kuitangulia kwa miguu. Lakini aseme pia kwamba kwa mtu akaaye juu karibu na mlima, jibu si kushindana mbio na lava katika bonde lake. Jibu ni kutoka bondeni kwa kando, kupanda palipoinuka, kama vile vijiwe vikavu vya mlima wa mchanga. Tena ni kuondoka kabla, ishara zikionekana. OVG, ile nyumba ya wataalamu wa Goma wachunguzao volkano, iliwazoesha watu rangi nne: kijani, njano, rangi ya chungwa, na nyekundu. Mtoto azijue rangi hizo kama ajuavyo sala zake, na ajue nyumbani kwao huondoka kwa rangi ipi.

Na ishara zisipoonekana? Baba wa barua ana haki ya kuuliza hivyo. Mwaka 2021 wataalamu walioandika habari za mlima ule walisema kwamba ulipasuka bila dalili iliyo wazi kutangulia. Bali baada ya kupasuka ndipo moto ulipokwenda chini ya ardhi, katika ufa wa urefu wa kilometa 25, chini ya Goma na Gisenyi na chini ya ziwa Kivu, mahali pengine bila kufika kina cha meta 500. Kwa sababu hiyo tarehe 27 Mei amri ilitolewa kwamba mitaa 10 ya Goma ihamwe, na watu wapata 400,000 wakashika njia, wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa meli hata Bukavu.

Hata pale pa kuanzia hesabu paweza kudanganya. Sisi tumeandika kilometa 4, kana kwamba lava hutoka daima mahali pamoja. Mwaka 2002, Alhamisi ya tarehe 17 Januari, nyufa zilifunguka kutoka juu ya mlima zikashuka hata Munigi, jirani na uwanja wa ndege. Aliyekuwa amepima njia ya lava tangu kileleni, akajiambia, "Ni kilometa nyingi, nitamaliza kupika," alikuta moto umezaliwa nyuma ya nyumba yake. Zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mji ilifunikwa, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Watu wapata 120,000 walibaki bila makao. Siku chache baadaye, wengi walipokuwa wamekwisha rudi, stesheni moja ya mafuta iliyozungukwa na lava yenye joto bado ililipuka, ikawaua makumi ya watu waliokwenda kuteka mafuta. Katika mfano wetu hakuna mstari uliosema kwamba jiwe lililokwisha kuwa jeusi laweza kuua. Yafaa watoto wauandike.

Namna ya kuufundisha mfano bila kuusujudia, tumeisoma katika habari za Japani, nchi ijuayo matetemeko na mawimbi makubwa ya bahari. Katika mji wa Kamaishi mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Katada Toshitaka, aliwafundisha wanafunzi kwa miaka kadhaa kusoma ramani zilizochorwa kwa hesabu, zikionyesha maji yatafika wapi. Kisha akawafundisha wasiziamini mno. Tarehe 11 Machi 2011 nchi ilitetemeka. Shule mbili za mtaa wa Unosumai, kwa ramani ile, zilikuwa mahali ambapo maji hayatafika. Wanafunzi wakubwa hawakuingoja ramani. Walikimbia, wadogo wakawafuata, wakubwa wakawashika mikono. Walifika mahali walipoagizwa, wakaona hapatoshi, wakapanda juu tena. Maji yalizifunika shule zote mbili. Katika mji ule watu wapata elfu moja walikufa au kupotea. Wanafunzi, ambao hesabu yao ilikuwa karibu 3,000, waliokoka karibu wote. Ndivyo twatamani kwa watoto wa Goma, wa Rutshuru na wa Nyiragongo: waijue hesabu hata waweze kuiacha wakati macho yao yaonapo jambo jingine.

Liko kosa moja la hesabu ambalo watoto hodari hulifanya kuliko wavivu. Mwalimu akiandika ubaoni miaka 1977, 2002, 2021, yule wa kwanza darasani atainua mkono. Kati ya 1977 na 2002 ni miaka 25, kati ya 2002 na 2021 ni 19. Jumla 44, nusu yake 22. Ukiijumlisha na 2021 wapata 2043. "Mwalimu, mlima utapasuka mwaka 2043!" Na darasa lote lapumua, kwa kuwa 2043 ni mbali.

Mtoto huyo amejumlisha vema na kugawanya vema, na jibu lake halina thamani. Nafasi mbili hazitoshi kumfundisha mtu desturi ya mlima. Aulizwe: mgeni akija kwako baada ya siku 25, kisha baada ya siku 19, je, utampikia siku ya 22 tu? Namba zile tatu zaweza kutumika kwa swali jingine, lililo dogo na la kweli zaidi. Mtu aliyezaliwa Goma mwaka 1970 amekwisha kuona lava mara tatu kabla ya kutimiza miaka 52. Basi, je, mfuko wa karatasi nyuma ya mlango ni kazi bure? Hilo mtoto aweza kulijibu mwenyewe.

Twaongeza neno juu ya mazuku, ingawa barua haikulitaja, maana katika jambo hili hesabu ya watoto si sawa na ya watu wazima. Mazuku ni hewa mbaya itokayo ardhini katika vibonde na mashimo, hasa upande wa magharibi wa Goma, kandokando ya ziwa kuelekea Sake. Sehemu yake kubwa ni hewa ukaa, nayo ni nzito kupita hewa tunayoivuta: ukichukua pipa la hewa ya kawaida na pipa la hewa ukaa, la pili litakuwa na uzito wa mara moja na nusu wa lile la kwanza. Kwa hiyo hukaa chini, kama maji katika bakuli, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Haina rangi. Tuseme katika kibonde fulani imejaa hadi meta 1. Mama mwenye urefu wa meta 1 na sentimeta 60 apita, kichwa chake ki juu ya bakuli. Mtoto wake wa miaka mitatu, anayemshika mkono, ana sentimeta 90. Mbuzi ana chini ya hapo. Chora mstari mmoja ubaoni, weka watu watatu na mbuzi, na darasa halitahitaji maelezo. Mwenye kukimbia mlima asilaze watoto chini katika shimo, hata kama shimo lakinga upepo. Na mtu akimwona mwenzake ameanguka ndani ya kibonde cha namna hiyo, asiinamie kumwinua peke yake. Wengi wamekufa kwa kumfuata wa kwanza.

Sasa turudi kwa baba wetu na kwa mtoto alalaye na viatu.

Kwanza, twamlaumu mwalimu kidogo. Ilimpasa kuwaita wazazi na kuwaeleza kabla ya kuituma kamba nyumbani. Bibi hapimwi bila kuombwa kwa heshima. Angeelezwa kwamba yeye ndiye namba kuu ya hesabu yote, labda angetembea kwa furaha, labda angepumzika njiani makusudi ili kuwatia shida wajukuu. Pili, katika darasa wako watoto waliopoteza nyumba au ndugu mwaka 2002 wa wazazi wao, au 2021 wao wenyewe. Hao wasilazimishwe kusimulia. Tena wako waliokimbia si mlima bali vita, mara nyingi, na kwao neno "kimbia" lina maana nyingine. Mwalimu awaangalie.

Lakini twamwuliza baba: je, mtoto alipata hofu yake shuleni? Mlima auona kila alfajiri. Usiku mwingi tangu kuzaliwa kwake ameuona wekundu wake mawinguni. Aliwasikia wakubwa wakisimulia habari za 2021, kisha wakinyamaza yeye alipoingia. Hofu alikuwa nayo. Ambacho hakuwa nacho ni kazi ya kufanya. Mtoto aliyevaa viatu usiku ametafuta, kwa akili yake ndogo, kupunguza dakika zile 20. Amehesabu sawa. Mwambie kwamba viatu vikiwekwa kando ya mkeka vyatosha, kwamba kuvivaa ni nusu dakika, nawe mpime kwa saa, mcheke pamoja. Twadhani atalala.

Tena, ndugu, utusamehe, lakini barua yako yatuambia mambo mengi ya mwalimu na ya mtoto, na neno moja halimo: mmepatana kukutana wapi? Kama nyumbani kwako pana mahali pawili palipotajwa, pa kwanza karibu na pa pili mbali, ikiwa pa kwanza pamekatwa, basi mwanao ana heri. Kama hapana, kamba yake imekwisha kuwafaa.

Kwa wanafunzi wanaotungoja kila juma, hii ndiyo hesabu yenu. Ichukueni jamaa ile ile tuliyoitaja, ya watu wanane. Mama amembeba mchanga mgongoni, naye asukuma chukudu la bibi kwa mikono miwili. Wa miaka 13 na wa miaka 11 wana mikono minne. Wa miaka 7, wa miaka 5 na wa miaka 3 lazima kila mmoja ashikwe mkono, kwa kuwa ni usiku na njia imejaa magari. Mkono mmoja umebaki.

Mbele ya mlango kuna vitu vitatu: mfuko wa karatasi, bidoni ya maji ya lita 20, na redio ndogo. Kila mtu ahitaji lita 3 za maji kwa siku kwa kunywa na kupika, na kumbukeni kwamba mwaka 2021 lava iliharibu mabomba, hata watu wapata nusu milioni wakakosa maji. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Juu ya chukudu, mbele ya miguu ya bibi, pana nafasi ya kitu kimoja tu.

Jamaa hii yahitaji lita ngapi kwa siku moja? Bidoni ile yatosha? Ni kitu gani kiende juu ya chukudu, ni kipi kiende katika mkono uliobaki, na ni kipi kiachwe? Andikeni sababu zenu kwa maneno, si kwa tarakimu tu, na kabla ya kutuletea majibu mwonyesheni bibi.